Kona na maua ya dari: namna ya kuchagua bila kujutia

Msikilizaji wetu, kila msimu wa mavuno unapokwisha na watu wakauza alizeti na ufuta wao, simu za kipindi chetu cha makazi hubadilika. Miezi ya kilimo mnatuuliza mbegu na viwavi. Kuanzia Juni mnatuuliza mabati, milango na dari. Mwaka huu swali lililorudi mara nyingi ni hili: "Ninajenga nyumba ya kisasa, niweke urembo gani kwenye dari?"

Tulilijibu hewani mara mbili, na mara ya kwanza hatukulijibu vizuri. Tulisema kona za povu zinafaa chumba chochote kwa kuwa ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Baada ya kipindi, fundi mmoja alitupigia akatuuliza kama tumewahi kuona povu hilo likiwa karibu na koroboi. Tulinyamaza. Makala hii tumeiandika ili iwe mahali pamoja, uisome taratibu kwenye simu kabla hujatoa hela mfukoni.

Tunaanza na mama mmoja wa kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Manyoni, ambaye hatutamtaja jina kwa ombi lake. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alimtumia hela ya kumalizia nyumba. Fundi akashauri dari ya jipsamu yenye kona nene zilizochorwa majani, na ua kubwa katikati ya sebule. Bati la zamani lilikuwa na matundu machache ya misumari, na fundi akasema ni madogo. Kazi ikaisha Oktoba, majirani wakaja kuangalia. Desemba mvua kubwa ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi, kipande cha kona cha zaidi ya mita mbili kilikuwa juu ya kitanda cha wajukuu wake. Wajukuu walikuwa wamelala kwa shangazi yao.

Alipotusimulia hakulalamikia hela. Alisema, "Wanangu, mimi kile kitanda siwezi kukiangalia."

Kwa hiyo tunapozungumzia urembo wa dari, tunazungumzia kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu waliolala.

Urembo wa dari ni nini hasa

Mafundi wana majina mengi, na ukienda dukani bila kuyajua utauziwa usichokitaka.

Kona, au konisi, ni mkanda unaokaa pale dari inapokutana na ukuta. Kazi yake ya kwanza ni kuficha mwanya, kwa sababu ukuta na dari huwa havikutani sawasawa, na mbao za dari hucheza kidogo joto linapopanda na kushuka. Bila kona utaona ufa mwembamba ukizunguka chumba kizima. Uzuri ni kazi yake ya pili.

Ua la dari ni duara lenye nakshi linalowekwa katikati, mara nyingi mahali inapotoka taa. Zamani lilificha tundu la waya. Leo wengi huliweka kwa urembo tu.

Mikanda ya kati ni vipande vyembamba vinavyopita juu ya dari kugawa miraba au kuficha maungio ya bodi. Ukiona dari ya siling bodi ya zamani yenye mistari ya mbao, hiyo ndiyo mikanda ya kati.

Dari ya ngazi ni ile yenye sehemu iliyoshuka pembeni na iliyopanda katikati, na mara nyingi taa za kamba hufichwa ndani yake. Hii si kona tena, ni dari nzima iliyojengwa kwa namna nyingine, na gharama yake ni nyingine.

Jambo hili si geni kwetu

Wapo wanaotuambia kuwa kupamba dari ni mambo ya kuiga. Historia inasema tofauti. Katika mji wa Kilwa Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, vilivyojengwa karne nyingi zilizopita kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vilikuwa na sehemu zilizoezekwa kwa kuba. Mafundi wa pwani walichonga matumbawe na kutengeneza lipu ya chokaa yenye nakshi. Lamu hadi leo utaona kuta zenye safu za zidaka zilizorembwa kwa chokaa. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja haikuwa ndefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba. Umbo la dari lilitokana na nyenzo iliyokuwepo.

Huku kwetu kanda ya kati, bibi na babu zetu walijenga tembe. Paa lake bapa la miti na udongo ndilo lilikuwa dari pia, na mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi. Tulipohamia bati tulipata paa lisilohitaji kukandikwa kila mwaka, lakini tukapata joto. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuweka dari katika nyumba ya bati: kupunguza joto, kelele za mvua na vumbi. Urembo unakuja baada ya hapo. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, weka dari nzuri isiyo na urembo, usiweke urembo kwenye dari mbaya.

Nyenzo tano na tabia zake

Jasi iliyomiminwa. Jasi ni madini, na wengi mnaijua kwa jina la jipsamu. Huchimbwa hapahapa kwetu Itigi, pia Makanya wilayani Same na huko Kilwa, na sehemu kubwa huenda kwenye viwanda vya saruji. Jasi ikichomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake na kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na maji huganda tena kuwa kitu kigumu. Ndiyo P.O.P anayofungwa mtu aliyevunjika mguu hospitalini. Mafundi huumimina kwenye kalibu, huweka nyuzi ndani ili kushika, na hupata kona au ua lenye nakshi kali.

Uzuri wake: haiungui, mchwa haili, na nakshi zake hutokea vizuri. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa jasi ni maji, na moto ukiifikia maji hayo hutoka kwanza kama mvuke, hivyo huchelewesha moto kupenya. Ubaya wake: ni nzito, huvunjika njiani, na haipendi kulowa. Ikilowa mara kwa mara hulainika, skrubu hupoteza mshiko na kipande huanguka. Hicho ndicho kilichotokea kwa yule mama.

Kona za bodi ya jipsamu. Hizi zina jasi katikati na karatasi ngumu nje, na umbo lake mara nyingi ni mviringo wa ndani usio na maua. Ni nyepesi kuliko za kumimina, na zinafaa nyumba ya kisasa yenye mistari myepesi. Nazo haziwezi kustahimili maji yanayovuja.

Plastiki ya PVC. Ni nyepesi, haiogopi maji, inafutwa kwa kitambaa, na mchwa haigusi. Inafaa bafuni, barazani na jikoni kwenye jiko la gesi. Lakini hulainika kwa joto. Dari ikiwa karibu sana na bati lisilo na nafasi ya hewa, plastiki nyembamba hupinda na kufanya matumbo. Ikiungua hutoa moshi mkali wenye tindikali unaoumiza mapafu. Ya bei ya chini kabisa hugeuka manjano baada ya muda.

Povu jeupe. Hili ni povu la aina ileile inayokuja ndani ya boksi la televisheni mpya. Kitaalamu linaitwa polistaireni. Ni jepesi kuliko yote, hubandikwa kwa gundi tu, na kijana mmoja anaweza kumaliza sebule kwa siku. Hapa ndipo tunaposahihisha tulichosema hewani. Povu hili hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100, yaani joto la maji yanayochemka. Likishika moto huungua haraka, hudondoka matone yanayowaka na kutoa moshi mzito mweusi. Kwa hiyo usiliweke jikoni, usiliweke juu ya mahali unapotundika koroboi au unapowasha mshumaa, na usiliache liguse taa ya kizamani inayopata moto. Tena, gundi nyingine zenye harufu ya petroli huliyeyusha. Muulize muuzaji gundi ya povu, na jaribu kwenye kipande kidogo kwanza.

Mbao. Mkanda wa mbao hupendeza, hasa kwenye dari ya mbao. Unahitaji mbao zilizokauka na zilizotiwa dawa. Mbao mbichi hukauka ikiwa juu, husinyaa, na maungio huachana. Mahali penye mchwa wengi, kama vijiji vingi vya kwetu, mbao isiyotiwa dawa ni chakula.

Onyo moja kuhusu nyumba za zamani. Baadhi ya majengo ya miaka ya nyuma yaliwekwa dari au paa za asbesto, ambazo ni bodi ngumu za kijivu zenye nyuzi ndani. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu. Hatari huja hasa bodi inapovunjwa, kukatwa au kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni. Ukinunua au ukirithi nyumba yenye bodi za aina hiyo, usiitoboe kuweka kona na usiwape watoto kazi ya kuibomoa. Muone mhandisi wa halmashauri yako kwanza.

Ukubwa gani kwa chumba gani

Kosa tunaloliona mara nyingi tunapotembelea nyumba za wasikilizaji ni kona kubwa kwenye chumba kifupi. Kona nene huvuta dari chini. Mtu akiingia anahisi amebanwa ingawa hajui sababu.

Makadirio ambayo mafundi wengi huyatumia ni haya. Dari ikiwa na urefu wa mita 2.4 kutoka sakafuni, kona ya upana wa sentimita 7 hadi 10 inatosha. Dari ya mita 2.7 hadi 3 inabeba kona ya sentimita 10 hadi 15. Dari iliyozidi mita 3 ndiyo inayoweza kubeba kona nene zaidi ya hapo.

Ua la katikati nalo lina kipimo chake. Kwa sebule ya mita 4 kwa 3, ua la sentimita 50 hadi 60 kwenda upande wa pili linatosha. Kwa chumba cha kulala, tungekushauri uliache kabisa. Ukitaka kuhakikisha, kata duara la boksi kwa kipimo hicho, libandike juu kwa gundi ya karatasi, kaa nalo siku mbili ukiliangalia. Boksi halina gharama.

Kuhusu nakshi, kumbuka unaishi wapi. Kanda ya kati ina vumbi la miezi mingi. Kona yenye majani, mashina na mitaro mingi hubeba vumbi kila mfereji, na baada ya mwaka maua meupe huwa ya udongo. Utahitaji brashi laini, ngazi na mtu wa kupanda. Kona yenye mistari miwili mitatu iliyonyooka husafishwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fagio. Nyumba nyingi zinazoitwa za kisasa leo hutumia mistari hiyo myepesi, kwa hiyo hapa kilicho rahisi kusafisha na kilicho cha kisasa ni kitu kimoja.

Rangi: ukipaka kona rangi ileile ya dari, chumba huonekana kirefu. Ukiipaka rangi tofauti na kali, macho huenda kwenye kona, na kama ukuta haukunyooka kila mtu ataona.

Namna ya kupiga hesabu mwenyewe

Usiende dukani na hesabu ya fundi peke yake. Chukua futi kamba, pima kuta nne za chumba, jumlisha. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mikato na kuvunjika, utapata mita 15.4. Kama kona zinauzwa vipande vya mita 2.4, gawanya: 15.4 kwa 2.4 ni 6 na kidogo, kwa hiyo nunua vipande 7. Kama vinauzwa vya mita 2, nunua 8.

Fanya hivyo kila chumba peke yake, andika kwenye daftari, kisha jumlisha. Usipunguze mlango wala dirisha kwenye hesabu hii, kwa sababu kona hupita juu yake.

Ukiuliza bei, uliza wazi: ni bei ya kipande au ya mita? Kipande kina urefu gani? Je, bei ya fundi ina skimu na rangi ndani yake au kona tu? Uliza watu watatu. Ukiona mmoja yuko chini sana kuliko wawili, muulize atatumia nini kushikilia.

Ukiwa dukani, shika kipande. Cha jasi kigonge kwa kidole kisikilize: kizima hutoa mlio mkavu, kilichopasuka ndani hulia kama kibuyu kibovu. Angalia mwisho wake kama nyuzi zinaonekana. Kama mgongo wake unaacha unga mwingi mkononi au una madoa ya maji, kiache. Cha plastiki kibonyeze kwa dole gumba. Kikibonyea kwa urahisi ni chembamba mno. Na kama utasafirisha jasi kwa bodaboda, vifunge viwili viwili mgongo kwa mgongo, uvilaze juu ya ubao mrefu. Njia ya vumbi yenye makorongo imevunja kona nyingi kuliko mafundi wabaya.

Mpangilio wa kazi

Kwanza, paa. Subiri mvua, au mwaga maji juu ya bati, na mtu akae ndani akitazama juu. Mchana wa jua, ingia ndani ufunge milango: penye tundu mwanga hupita. Ziba misumari yote kabla ya kununua hata kipande kimoja cha jipsamu.

Pili, popo na panya. Ziba mianya ya chini ya bati kwa wavu wa waya, ili hewa ipite lakini popo wasiingie. Kinyesi cha popo kikilundikana juu ya dari huleta harufu, madoa na uzito. Hakikisha kwanza hakuna waliobaki ndani.

Tatu, waya. Umeme wa gridi au wa sola, nyaya zote zipite kabla dari haijafungwa. Weka pia mlango mdogo wa kupandia darini, mahali pasipoonekana. Asiyeuweka atakuja kuvunja dari yake siku taa ikigoma.

Nne, fremu ya mbao ambayo mafundi huiita blandaringi. Mbao ziwe kavu, zimetiwa dawa, na zimenyooshwa kwa kamba na pima maji. Nafasi kati ya mbao na mbao isizidi sentimita 60, na kwa bodi nyembamba iwe 40. Fremu ikipinda, hakuna kona itakayoificha.

Tano, bodi. Sita, kona, halafu ua. Saba, skimu kwenye maungio. Nane, rangi, baada ya skimu kukauka kabisa.

Kwenye hatua ya kona simama uangalie mambo matatu. La kwanza, pembe zikatwe nyuzi 45 kila upande, na fundi awe na kisanduku cha kukatia badala ya kukisia kwa macho. La pili, kona nzito ya jasi ishikwe kwa skrubu zinazoingia kwenye mbao za fremu pamoja na gundi ya unga wa jasi. Gundi peke yake haitoshi, na skrubu iliyoingia kwenye bodi tupu ni sawa na haipo. La tatu, unga wa jasi ukorogwe kidogo kidogo kwenye ndoo safi, kwa sababu huganda ndani ya dakika chache, na mabaki ya zamani ndoo ikiwa chafu huuharakisha zaidi. Fundi anayeongeza maji kwenye unga ulioanza kuganda anakuwekea kitu kisicho na nguvu.

Kabla ya rangi, rudi usiku na tochi ya simu. Iweke karibu na dari ukimulika kwa upande. Kila nundu na kila shimo litatupa kivuli. Mchana huwezi kuyaona.

Makubaliano na fundi

Wengi wetu tunaelewana na fundi kwa mdomo, kwa sababu ni ndugu wa mtu tunayemjua. Heshima hiyo ibaki, lakini karatasi nayo iwepo. Andika aina ya kona, idadi ya vipande, nani ananunua skrubu, kazi itaisha lini, na nani analipia kipande kikivunjika. Lipa kwa awamu, na ubakize sehemu hadi wiki mbili baada ya kazi kuisha. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Piga picha kila hatua, hasa fremu kabla haijafunikwa.

Na kama fundi atakwambia tundu la bati ni dogo, mwambie kwa upole: "Sawa fundi, basi tulizibe sasa hivi, kwa kuwa ni dogo."

Wakati urembo unatakiwa kusubiri

Tulimtembelea pia mzee mmoja na mkewe ambao waliuza mahindi na ng'ombe wawili wamalizie nyumba. Walikuwa wamepanga kona za majani vyumba vyote vinne na maua mawili. Mama wa nyumba hiyo alipopiga hesabu ya vipande kwenye daftari la shule la mtoto, alimwonyesha mumewe: wakichukua kona nyembamba za mstari kwa sebule na vyumba vya kulala, na jikoni wasiweke kitu kwa sababu wanapikia kuni, kinachobaki kinakaribia kununua simtanki na mifereji ya bati.

Walibishana, alituambia mzee mwenyewe akicheka. Yeye alitaka maua kwa sababu mdogo wake anayo. Mwishowe walikubaliana na daftari. Tulipofika mwezi Machi simtanki lilikuwa limejaa maji ya mvua, na mabinti zao hawakuwa wakienda kisimani alfajiri. Sebuleni kona zilikuwa nyeupe, zimenyooka, na hapakuwa na ufa. Ua halikuwepo. Mzee alituonyesha tundu la taa katikati ya dari akasema nafasi yake ameiacha, mwaka ujao Mungu akipenda.

Na yule mama wa barabara ya Manyoni? Aliondoa kona zote zilizobaki. Alibadilisha bati mbili, akaziba misumari, akasubiri mvua nyingine tatu zipite. Sasa ameweka kona nyembamba za bodi, na chumba cha wajukuu hakina chochote juu isipokuwa dari yenyewe.

Kama dari yako tayari imewekwa na imewahi kulowa, fanya hivi leo. Tafuta madoa ya kahawia. Bonyeza taratibu kwa mpini wa fagio ukiwa umesimama pembeni. Ikibonyea, au kona ikicheza, hamisha vitanda vilivyo chini yake usiku wa leo, kisha mwite fundi. Usisubiri ianguke ndipo ujue.

Hifadhi makala hii kwenye simu yako, na ukienda dukani nenda nayo. Kama una swali ambalo hatukuligusa, tutumie ujumbe kupitia namba ya kipindi, nasi tutamtafuta fundi wa kulijibu hewani. Na tukikosea tena, tupigieni simu mtusahihishe kama alivyofanya yule fundi.